Spider-Man ni wa nani hasa? Stori ya katuni, sinema na minazi ya watu

Juzi Jumamosi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kibanda cha jamaa mmoja anayejaza muvi kwenye flashi, mie na mpwa wangu wa miaka 11. Dogo ana ugonjwa wa Spider-Man huyo, yaani begi Spider-Man, kandambili Spider-Man, daftari la hesabu kalichora utando wa buibui ukurasa kwa ukurasa mpaka mwalimu akaniita. Jamaa ana kompyuta moja ya kale, feni yake inaunguruma kama mashine ya kukoboa, na kwenye skrini kapanga mafoda yake vizuri tu: KIHINDI, KIKOREA, ZILIZOTAFSIRIWA, MARVEL, DC. Dogo akasema, "Kaka, niwekee zote za Spider-Man." Jamaa akafungua foda la MARVEL akakopi tatu, akatoka, akaingia foda lingine halina hata jina akakopi tano, na ile ya Venom, adui wa Spider-Man, akaenda kuitoa foda la tatu kabisa.

Dogo akanigeukia. "Mjomba, mbona Spider-Man hakai nyumba moja na wenzake?"

Kabla sijafungua mdomo jamaa akajibu, macho kwenye skrini: "Huyo ndo waja leo waondoka leo."

Tukacheka wote pale, maana huo ni msemo wa mji wetu na umekaa pahala pake, lakini nilivyokuwa narudi nyumbani nikaona jamaa kasema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Alafu nikagundua watu wazima wengi tu wanaobishana barazani, Marvel hivi DC vile, zile kampuni mbili za Kimarekani za mashujaa wa katuni, hili swali la dogo hawana jibu lake. Mbona Spider-Man yuko na Iron Man kwenye muvi moja, kwenye nyingine kama hawajawahi kujuana? Mbona Hulk hapewi muvi yake? Mbona kuna Captain Marvel wawili? Na hiyo multivasi wanayoiimba kila siku ni nini? Majibu yake hayapo kwenye hadithi, yapo kwenye makaratasi, mikataba na hati za mauzo. Ngoja nijaribu kuyafumua.

Inabidi turudi nyuma mpaka mwaka 1938. Marekani wakati huo vitabu vya katuni vilikuwa vitu vya senti 10, karatasi rahisi, vinauzwa kwenye vibanda vya magazeti, mtoto anasoma anatupa. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, walikuwa wamezunguka miaka na stelingi wao mmoja anayevaa kapa nyekundu, lile joho la mgongoni, na kila ofisi inawakataa. Mwisho kampuni iliyokuja kuwa DC ikamchukua, kurasa 13, dola 10 kwa ukurasa, jumla dola 130. Wakasaini. Jamaa akatoka kwenye Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, ndo Superman huyo. Sasa ile saini haikuuza kurasa 13 tu, iliuza jina, kapa, sayari aliyotoka, na kila kitakachokuja kufanywa naye. Ni sawa na mtu auze mbuzi mmoja, kumbe karatasi inasema na vizazi vyake mpaka kiyama.

Na kweli wakaja kufika uzeeni wana hali ngumu, Shuster macho karibu hayaoni, huku mbuzi wao anazaa kwa watu. Mwaka 1975, wakati maandalizi ya ile sinema kubwa ya Superman yanaanza, Siegel akapiga kelele kwa waandishi wa habari mpaka Warner, ambao ndo wenye DC, wakaona aibu, wakakubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Sinema ikatoka 1978. Bill Finger, aliyechangia sana kumtengeneza Batman 1939, yeye alikufa bila hicho hata kidogo, jina lake limekuja kuandikwa rasmi pamoja na la Bob Kane mwaka 2015. Elfu mbili na kumi na tano, jamani.

Ile biashara haikumtazama mchoraji kama mwenye kitu. Alikuwa kibarua, kama unavyomwita fundi aje apige lipu, akimaliza nyumba ni yako. Hilo likae kichwani.

Sie huku katuni tumezijua kwa njia nyingine. Mzee wangu mpaka leo katuni yoyote anaiita chakubanga, kwa sababu ya Chakubanga wa Christian Gregory aliyekuwa kwenye gazeti la Uhuru. Rika langu ni la Sani: Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge, Pimbi. Gazeti moja linasomwa na mtaa mzima, likikufikia halina jalada na ukurasa wa katikati kuna mtu kafungia karanga, unabaki unajiuliza Madenge aliishia wapi. Baadae akaja Kingo wa James Gayo, yule hata asiyejua kusoma anaelewa kwa sababu maneno hamna. Kabla ya hapo wazee walikuwa na yale magazeti ya picha za kupigwa ya Lance Spearman, mwafrika mwenye kofia anapiga maadui, hadithi ndani ya viboksi kama katuni lakini watu halisi. Kwahiyo mtu akikwambia komiki ni mambo ya kizungu, mwambie aulize wazee.

Turudi kwao. Marvel walianza 1939 kwa jina lingine, wakaja kushika kasi 1961 na kundi la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Agosti 1962 Stan Lee na Steve Ditko wakamtoa Spider-Man, tena kwenye gazeti lililokuwa linakufa, Amazing Fantasy namba 15, ndo toleo la mwisho, wakasema potelea mbali tumjaribu. (Shaaban Robert wetu wa Vibambani alifariki Juni ya mwaka huohuo 1962. Sina hoja, nimeona tu miezi imefuatana.)

Sasa hapa ndo penye utamu na ndo sinema za leo zilipozaliwa. Mashujaa wa Marvel wengi waliwekwa mji mmoja, New York, wanapishana njiani. Mwaka 1963 Spider-Man alivyopewa gazeti lake mwenyewe, toleo namba 1 kabisa, anafanya nini? Anaenda makao makuu ya Fantastic Four kuomba kazi, maana nyumbani kwa shangazi yake hamna hela. Anaingia kwa vurugu, wanapigana kidogo, mwisho wanamwambia sie hapa hatulipani mshahara, faida yote inaenda kwenye utafiti. Jamaa huyo akaondoka zake. Waja leo waondoka leo tangu 1963!

Lakini angalia ujanja. Mtoto aliyenunua Spider-Man kakutana na Fantastic Four bure, wiki ijayo anatafuta senti nyingine akanunue na la kwao. Na pembeni ya kiboksi mhariri anakuwekea kinyota kidogo, chini ameandika kwamba ugomvi huu ulianzia toleo namba fulani. Hukulisoma? Katafute. Ni duka lenye milango mingi, ukiingia mmoja unakuta upenyo wa kwenda mwingine, hutoki. Miaka 45 baadae, 2008, sinema ya Iron Man ikaisha, majina yakapanda, alafu ghafla anatokea jamaa mwenye kibandiko cha jicho anamwambia Tony Stark, ndo Iron Man mwenyewe, kwamba hauko peke yako. Hicho kipande ni kile kinyota cha mhariri, kimehamia kwenye sinema tu. Sie wa kibanda umiza hatukukiona kwa miaka, kwa sababu mwenye kibanda majina yakianza kupanda tu anachomoa, "haya tokeni, mpira unaanza."

Kati ya 1963 na 2008 ndo mambo yaliharibika, na uharibifu huo ndo jibu la dogo.

Kabla ya hapo kulikuwa na ile kashkash ya 1954, daktari mmoja wa akili anaitwa Fredric Wertham akaandika kitabu kwamba komiki zinaharibu watoto, Baraza la Seneti likaitisha vikao, kampuni zenyewe zikajiwekea sheria kali za kujichuja. Hiyo niipite, ila jua tu ilichangia mashujaa wenye nguo za kubana kubaki wengi na hadithi za kutisha na za majambazi kupotea.

Kubwa ni miaka ya 90 mwanzoni. Watu wazima wakasikia kwamba nakala za zamani za Superman zinauzwa maelfu ya dola, wakaanza kununua komiki mpya kwa makasha, hawasomi, wanaweka ndani zipande bei. Unaikumbuka ile homa ya kware? Kila mtu anafuga kware, trei ya mayai bei juu, mpaka siku moja wote wana mayai na hamna mnunuzi. Ndo ilivyokuwa. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilitoka na majalada matano tofauti ili mtu anunue zote tano, zikaenda nakala kama milioni 8. Sasa kitu chenye nakala milioni 8 kitapandaje bei? Mayai ya kware yakaoza. Maduka yakafungwa, Marvel ikawa na madeni mpaka shingoni, na Desemba 1996 ikatangaza kufilisika.

Hapo ndo tunaingia kwenye minazi.

Mtu wa pwani hili halimsumbui, ila wa bara nimfafanulie. Huku kwetu shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi ikawa ya mwingine. Babu yangu alikuwa na kipande huko njia ya Pongwe, ardhi yake, lakini minazi kadhaa ilikuwa ya jirani aliyeipanda zamani kwa makubaliano. Babu analima mihogo chini, jirani analeta mkwezi anaangua nazi juu. Babu akiokota nazi moja bila kuomba ni maneno, na jirani akichimba shimo la taka pale chini nayo maneno. Wote wana haki na hakuna mwenye vyote.

Stelingi wa katuni ndo shamba hilo. Kuna haki ya kuchapa vitabu vyake. Kuna haki ya kumtengenezea sinema. Kuna haki ya kuuza midoli na mabegi yake. Kuna haki ya kusambaza hiyo sinema kwenye majumba. Na kuna jina lake kama alama ya biashara, nalo liko peke yake. Kila moja inaweza kukatwa na kuuzwa mbali. Marvel wakiwa na njaa waliuza minazi wakabaki na ardhi. Kuchapa vitabu waliendelea, lakini haki za sinema za X-Men na Fantastic Four zikaishia studio ya Fox, za Spider-Man zikaenda Sony, Hulk akaenda kwa Universal, Blade kwa New Line. Baadhi zilishauzwa hata kabla ya kufilisika. Walionunua walipata: Blade 1998, X-Men 2000, na Spider-Man 2002 iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100 kwa wikiendi ya kwanza Marekani peke yake, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla. Marvel wenyewe wakapewa kijisehemu tu, wanakaa chini ya mnazi wao wa zamani wanasikia nazi zinadondoka kwenye kapu la mwenzao.

Ila kulikuwa na sharti, na hili lishike sana. Mikataba mingi ya hivi inasema ukinunua haki ya sinema alafu hutengenezi ndani ya muda fulani, haki inarudi kwa mwenyewe. Usipoangua, mnazi unarudi. Ndo maana unaona kampuni inatoa muvi ambayo hata haieleweki wameitengeneza kwa nini, unajiuliza hawa walilala? Hawakulala, walikuwa wanawahi tarehe.

Kisa cha Fantastic Four kinanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mtengenezaji mmoja wa Ujerumani, Bernd Eichinger, alinunua haki hizo miaka ya 80 kwa bei ya kutupa, akashindwa kupata fedha za sinema kubwa, na muda unaisha na mwaka 1992. Siku zinahesabika. Akamfuata Roger Corman, mzee maarufu wa sinema za bei chee, wakaingia kazini siku chache kabla ya mwaka kwisha na bajeti ya kama dola milioni 1, hela ambayo kwa hadithi ya mtu anayerefuka kama mpira na mwingine anayewaka moto mwili mzima ni ya nauli. Waigizaji hawajui lolote, wanajitoa, wengine wakaitangaza kwa hela zao za mfukoni, wakijua 1994 ndo inatoka na maisha yanabadilika. Haikutoka. Mpaka leo haijawahi kuonyeshwa rasmi, zipo kopi za magendo tu. Lakini haki ikabaki kwa Eichinger, na 2005 akawemo kwenye ile kubwa iliyotolewa na Fox. Mkwezi alipandishwa juu ashike tu nazi moja watu wamuone, alafu ateremke mikono mitupu.

Sasa Marvel walibaki na nini? Walibaki na wale ambao hakuna aliyewataka, au waliorudishwa. Iron Man alishapita mikononi mwa studio kadhaa, wa mwisho New Line, akarudi 2005. Thor. Captain America. Leo ukisikia majina hayo unaona dhahabu, wakati ule yalikuwa kama samaki wanaobaki kwenye meza jioni pale Deep Sea, wazuri wote wameshakwenda. Mwaka 2005 Marvel wakafanya kitu cha hatari, wakachukua mkopo kupitia Merrill Lynch hadi dola milioni 525, watengeneze sinema wenyewe, na dhamana wakaweka haki za sinema za mashujaa wao 10. Yaani hati ya nyumba iko benki. Iron Man ikifeli na zinazofuata zikifeli, hata hao samaki wa jioni wanaondoka.

Ikaingiza dola milioni 585 duniani. Mwaka uliofuata Disney wakaja na kama dola bilioni 4 wakanunua kampuni nzima, na 2012 wakawakusanya wote kwenye Avengers ikapiga bilioni 1.5. Watu wengi wanadhani ule mpangilio wa kuanza na Iron Man, Thor na Captain America ulitokana na akili kubwa ya hadithi. Akili ilikuwepo sikatai, Kevin Feige, mkuu wa studio ya Marvel, anajua kazi. Lakini mpishi alipika na kilichokuwepo jikoni, sukari na iliki alishauza.

Spider-Man? Hakuwemo. Uwanja mzima wa mashujaa wa New York bila Spider-Man, ni kama Coastal Union wacheze Mkwakwani bila jezi nyekundu. Sony walimng'ang'ania, muvi ya 2014 haikuwafurahisha kwa mapato, na Februari 2015 wakakubaliana na Marvel: mnazi unabaki wa Sony, nazi ni za Sony, ila Marvel watamleta mkwezi wao apande. Ndo akaonekana 2016 kwenye ugomvi wa Captain America na Iron Man, tukashangilia mpaka benchi likavunjika. Kwahiyo zile tatu za kwenye foda la MARVEL, ukiangalia mwanzoni utaiona nembo ya yule mama wa Columbia aliyeshika mwenge, na Columbia ni Sony. Agosti 2019 wakagombana tena kwa hela, mwezi mzima dunia ina msiba, Septemba wakapatana, ikaripotiwa kwamba Disney sasa wanachangia robo ya gharama na kuchukua robo ya faida. Venom na wenzake Sony wanawafanyia kivyao upande ule, ndo maana wako foda la tatu. Jamaa wa flashi bila kusoma mkataba wowote kapanga sawasawa kabisa.

Na lile begi la dogo alilonunuliwa Tangamano? Hapo ndo utachoka. Mwaka 2011 Sony waliwaachia Disney haki za bidhaa za Spider-Man. Muvi ni ya huyu, begi ni la yule. Ndo maana begini Spider-Man na Iron Man walikaa pamoja miaka kabla hawajakaa pamoja kwenye sinema. (Begi lenyewe, nikiangalia jicho moja la Spider-Man lilivyopanda kwenye paji la uso, sidhani kama Disney wanalijua.)

Hulk ni mfupi. Marvel wakimtengenezea Hulk sinema yake peke yake, Universal ndo walikuwa na haki ya kuisambaza. Nazi zako, ila lori la kupeleka sokoni la jirani. Marvel wakaona basi, atakuwa mgeni kwenye sinema za wenzake, na ndo maana tangu 2008 Hulk anaalikwa harusi za watu, yake haifungwi.

Captain Marvel ndo kichekesho. Mwaka 1940 kampuni ya Fawcett ilimtoa Captain Marvel, mtoto anayesema "Shazam!" anageuka jitu la miraba minne. Akauza sana, DC wakamshitaki kwamba kamuiga Superman, kesi ikaenda miaka na miaka mpaka 1953 Fawcett wakakubali kulipa na kumzika. Jina likalala. Mwaka 1967 Marvel wakaliokota, jina kama lile utaliachaje njiani, wakamtengeneza Captain Marvel wao. Alafu DC wakaja kuwachukua mashujaa wa Fawcett miaka ya 70 mwanzoni, wakakuta mtu wanaye, jina juu ya jalada hawana! Wakaandika Shazam. Mwaka 2019 Machi ikatoka sinema ya Captain Marvel, Aprili ikatoka ya Shazam, wawili waliogombea jina moja wakapishana mwezi mmoja. Dogo alikuwa ananibishia kwamba hawana undugu. Wana undugu wa mahakamani.

DC kwa upande wao hawakupata hii talaka ya Spider-Man, kwa sababu tangu mwisho wa miaka ya 60 wako nyumba moja na Warner wenye studio. Superman na Batman wanalala chini ya paa moja. Matatizo yao ni mengine, ya kubomoa na kujenga upya kila baada ya miaka michache, na humo siingii leo.

Bado multivasi, yaani hadithi moja kuwa na dunia nyingi kwa pamoja. Watu wanaiona jambo jipya la kisayansi, kumbe ilianza kama dawa ya kichwa cha mhariri. DC walikuwa na Flash wa miaka ya 40, wakamwacha, 1956 wakatengeneza Flash mwingine kabisa. Wasomaji wakauliza, sasa yule wa kwanza? Mwaka 1961, Flash namba 123, wakajibu kwamba wote wapo, kila mmoja duniani kwake, na wakakutana. Haya, dunia mbili. Zikawa tatu, zikawa hazihesabiki, mpaka 1985 ikabidi waandike hadithi nzima ya kuziteketeza ili wapumue.

Sinema zimeiokota dawa ileile kwa ugonjwa wa makaratasi. Una Spider-Man watatu waliotengenezwa na mikono tofauti kwa miaka 20, huwezi kusema hawakuwepo, watu walilipa viingilio. Ukisema ni dunia tofauti, Desemba 2021 unawaleta wote watatu kwenye muvi moja na unaingiza dola bilioni 1.9. Disney walinunua Fox, wakamaliza Machi 2019, dola bilioni 71.3, wakarudi na X-Men wote mfukoni, na X-Men wana sinema zao za miaka 19 ambazo Avengers hawamo. Utawaingizaje? Dunia nyingine. Mwaka 2024 Deadpool na Wolverine wakapita hapohapo huku wanatania waziwazi kwamba wamenunuliwa. Ule mlango unaong'aa wanaotokea ndani yake, mie kila nikiuona naona mhuri wa mwanasheria.

Sisemi hadithi hazina roho. Black Panther alianza 1966 kama mgeni ndani ya gazeti la Fantastic Four, akakaa zaidi ya miaka 50 kabla hajapata sinema yake, na 2018 ilipotoka watoto wa Makorora walikuwa wanasalimiana kwa kukunja mikono kifuani, na mama mmoja jirani yetu akaniuliza Wakanda, ile nchi ya kubuni ya mle, iko upande gani wa Msumbiji. Wanaongea Kixhosa mle, Lupita yumo. Hilo mkataba haufanyi.

Ila mkataba unauma, nalijua. Nikiwa kidato cha tatu nilichora kijamaa nikakipa jina Mzee Kisamvu, kitambi, kofia ya kiua, mdomo mrefu. Mwenye duka mmoja, simtaji, akanipa elfu 15 nimchoree ukutani. Nikala chipsi wiki nzima. Mwaka uliofuata nikamkuta Mzee Kisamvu kwenye kalenda, alafu kwenye mifuko, kofia yuleyule. Nikaenda, nikamsalimia vizuri, shikamoo, nikaeleza. Akaniambia, "Si nilikulipa?" Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, na kazi inakuwa yako tangu unapoichora, mie wakati huo sijui hata moja. Ukuta ulikuwa wake, kweli. Minazi nilikuwa sijaiuza.

Haya yote nilimweleza dogo Jumamosi iliyofuata, tukiwa tumesimama palepale kibandani, jamaa anasikiliza huku anakopi. Nikamwambia na muda nao una mwisho, kwa sheria ya Marekani yule Superman wa kwanza wa 1938 atakuwa wa kila mtu Januari 1, 2034, wewe utakuwa mkubwa, unaweza kumchora ukauza. Akahesabu vidole. Alafu akatulia, akamwangalia jamaa, akaangalia lile foda la MARVEL lenye muvi 30 na kitu.

"Mjomba, na huyu kaka, kwenye hilo shamba yeye ni nani?"

Jamaa akajikohoza. "Flashi imejaa," akasema, "chomoa."